Mama hapewi maji jioni: huu ni uzee au ni ukatili?

*"Shikamoo. Mama yangu ana miaka 74, ni mwalimu mstaafu na mjane. Anaishi Tandika kwenye nyumba aliyoacha baba, pamoja na kaka yangu, mke wake na watoto wao wawili. Ana sukari na presha. Mimi nafanya kazi Dodoma na kila mwezi natuma pesa kwa kaka. Mwaka huu wote nikipiga simu naambiwa mama amelala, au ananiongelesha kwenye spika huku wenzake wanasikia, na jibu lake ni 'sijambo' basi. Pasaka nilipokwenda nilimkuta amekonda, midomo imekauka, ana alama za bluu mkononi juu ya kiwiko, upande wa ndani. Kaka anasema huwa anaanguka, tena uzee unamrudisha utotoni: anakojoa kitandani, anasahau siku, jioni anaongea na marehemu baba. Wifi anampa kidonge kidogo cha njano ili alale. Mtoto wao wa miaka saba alininong'oneza jikoni, 'Shangazi, bibi hapewi maji jioni.' Kadi ya benki ya mama anayo kaka. Kuna karatasi pia mama ametakiwa aweke dole gumba, bado hajaweka. Nilipomuuliza alinishika mkono akasema, 'Mtoto akikunyea kiganjani, hukati mkono.' Huu ni uzee au ni ukatili? Nikamchukue? Niende polisi? Naogopa kuivunja familia."*

Marahaba, mdogo wangu. Naona zile alama za bluu ndizo zilizokukosesha usingizi. Mimi kilichonisimamisha kwenye barua yako ni yale maji.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini na mitaani, zaidi Temeke na Ilala, miaka ishirini na ushee sasa. Nyumba ambazo mzee amepigwa mpaka akavunjika zipo, nimeingia humo. Nyumba ambazo mzee anakaushwa ni nyingi zaidi, na mara nyingi ndani yake hakuna anayejiona mkatili. Hesabu yao ni fupi: akinywa atakojoa, akikojoa nani atafua, pampasi zenyewe bei yake unaijua, basi ikifika saa kumi jioni kikombe kinapandishwa juu ya kabati. Nimewahi kukiona kikombe cha namna hiyo, cha plastiki, kimefunikwa na kisahani vizuri kabisa, mahali ambapo bibi wa miaka themanini asingekifikia hata kwa fimbo.

Nivumilie hapa nikueleze mwili unavyokwenda, kwa sababu jibu la "uzee au ukatili" limelala hapa.

Mtu ambaye sukari yake haijatulia hukojoa sana. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa kwa njia ya mkojo, na inapotoka huondoka na maji mengi. Kwa hiyo kukojoa kitandani ambako kaka yako anakuita utoto, inawezekana kabisa ni sukari iliyopanda. Sasa wakimkatia maji, mkojo haukomi. Kinachotokea ni kwamba mwili unakauka, sukari inazidi kuwa nzito kwenye damu, na mzunguko unaanza upya kwa ubaya zaidi. Kumbuka pia kwamba kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Mama anaweza kuwa mkavu kama kuni na bado asiombe maji, halafu watu wakasema "mbona hata mwenyewe hataki?"

Mkojo ukiwa mchache na mzito, maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi. Kwa kijana maambukizi hayo huja na maumivu na homa. Kwa mzee yanaweza kuja bila hayo yote, yakaja kama kuchanganyikiwa tu: kusahau ni siku gani, kuona watu wasiokuwepo, kuongea na marehemu mumewe giza linapoingia. Nyumbani wakaona "wazimu wa uzee", wakatafuta kitu cha kumtuliza.

Hicho kitu ndicho kile kidonge cha njano. Sijakiona, lakini kidonge kidogo cha njano cha kulaza mtu, katika mitaa yetu, mara nyingi ni Piriton, dawa ya mafua na mzio ambayo watu wameigeuza dawa ya usingizi. Kwa mzee haifai. Inamkausha mdomo, inaweza kuzuia mkojo usitoke vizuri, inamfanya ayumbe anapoamka usiku, na kubwa kuliko yote inaongeza kuchanganyikiwa, jambo lilelile ambalo amepewa dawa ili litulie. Hata kuanguka anakokusema kaka yako kunaweza kuwa kumetoka kwenye kidonge hicho. Ongeza na hili: kama mama anatumia vidonge vya kushusha sukari na jioni hapewi chakula cha kutosha, sukari inaweza kushuka mno usiku, akaamka anatetemeka, ametota jasho na haelewi alipo. Hiyo ni hatari ya maisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama huu ni uzee, nakujibu hapana, uzee peke yake haufanyi hivi. Kusahau kunakoingia polepole kwa miezi na miaka mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo, nao una daktari wake. Kuchanganyikiwa kulikokuja ndani ya siku au wiki chache, kukapanda jioni na kupungua asubuhi, kuna sababu inayotafutwa kwa vipimo, na mara nyingi inatibika. Hakuna aliyempima mama yako. Familia nzima imempa jina la ugonjwa bila kumpeleka kwa daktari, na wewe pia uliondoka Dodoma ukarudi Dodoma bila kumpeleka. Sikulaumu, nakuonyesha tu kazi ya kwanza iko wapi.

Na ukatili je? Ndiyo, hili lina jina hilo. Kumnyima maji mtu anayekutegemea, na kumlaza kwa dawa isiyoandikwa na daktari ili asikusumbue, ni kumtendea ukatili hata kama mtendaji alikuwa amechoka tu na hakuwa na nia mbaya. Nia itatusaidia baadaye kujua tufanye nini na kaka yako. Haibadilishi kitu kwenye figo za mama.

Sasa alama. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na mishipa yake midogo hupasuka kwa kuguswa kidogo, hasa nyuma ya viganja na kwenye mikono chini ya kiwiko. Mabaka ya zambarau sehemu hizo, bila maumivu, wazee wengi wanayo, na anayemeza aspirini anayo zaidi. Ninazoziangalia kwa jicho jingine ni alama za upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, shingoni, masikioni, ndani ya mapaja, mgongoni, au zinazozunguka kifundo cha mkono kama bangili. Mtu akianguka hutua kwenye nyonga, goti, kiwiko, paji la uso. Hatui kwenye kwapa. Za mama yako ziko mahali ambapo vidole vya mtu hushika. Lakini kushikwa nako kuna namna mbili, na lazima niwe mkweli kwako: mtu asiyefundishwa kumnyanyua mgonjwa kitandani humvuta kwa mikono, na huacha alama hizohizo. Kwa hiyo usiende na hukumu tayari. Mwombe mama ruhusa, piga picha, andika tarehe, muulize "ilikuwaje hapa?" kisha nyamaza. Usijaribu kukisia kwa rangi kwamba hii ni ya juzi na ile ni ya wiki iliyopita, hata madaktari hawawezi kuisoma hivyo kwa uhakika.

Watu wengi wa mjini wakisikia "ukatili kwa wazee" akili inakimbilia Shinyanga, Geita na Mwanza, kwa bibi waliouawa kwa kuitwa wachawi kisa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe. Mambo hayo yalitokea na ni aibu yetu kama taifa. Ila yametupa kisingizio watu wa Dar. Hapa kwetu mzee huumizwa kimyakimya: kufungiwa ndani kwa kufuli wakati wote wako kazini, kutukanwa, kutengewa sahani, kunyang'anywa simu, kuwekewa spika kila anapopigiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa aina fulani katika mwaka mmoja, majumbani na mitaani. Ukipita mtaa wenu wa Tandika ukahesabu nyumba zenye wazee, utaona hilo si jambo la mbali.

Nije kwenye pesa na ile karatasi.

Mama yako aliandika ubaoni maisha yake yote ya kazi. Kama bado anaweza kushika kalamu, mtu anayetaka dole gumba lake badala ya saini yake ana sababu, na sababu hiyo ningependa kuijua. Dole gumba linaweza kuwekwa na mtu aliyelala. Mwambie mama maneno machache tu: asiweke alama kwenye karatasi yoyote ambayo wewe, au mtu mwingine anayemwamini yeye mwenyewe, hajaisoma kwa sauti mbele yake.

Kuhusu nyumba, kuna jambo ambalo familia nyingi za Dar hazilijui na linaweza kukupumzisha kidogo. Umesema nyumba "aliyoacha baba". Je, mirathi ilifunguliwa? Kama hati au leseni ya makazi bado ina jina la marehemu, basi kisheria nyumba hiyo haiuziki kwa dole gumba la mama wala kwa saini ya kaka. Anayeweza kuigusa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anatakiwa kutoa hesabu kwa warithi. Ukitaka kujua kama kuna aliyekwishafungua shauri kimyakimya, ulizia Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi na ndoa pale Temeke, si mbali na kwenu. Na kama nyumba tayari ina jina la mama, mama mwenyewe anaweza kusaidiwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Usianze kwa kulipa wakili. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na hapa Dar kuna mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) yanayosikiliza watu bila malipo.

Kadi ya benki ni rahisi zaidi. Mama akiwa na akili yake timamu, aende benki na kitambulisho chake, abadilishe namba ya siri na kuweka namba ya simu ya kupokea taarifa anayoitaka yeye. Kitakuwa kigumu kitu kimoja: siku hizi uhakiki wa mstaafu, ule wa kuthibitisha kwamba yu hai ili pensheni iendelee, unaweza kufanyika kwa simu, mtu anaonyesha uso wake kwenye kamera imekwisha. Nimemwona kijana anamnyanyua baba yake kidevu ili kamera imsome, mzee hajui hata kinachofanyika, pensheni ikaendelea kuingia na mzee akaendelea kulala bila shuka. Kwa hiyo usihesabu kwamba pesa kuingia ni dalili ya mama kuwa salama. Hata hizo unazotuma wewe, punguza fedha taslimu. Lipa duka la dawa moja kwa moja, lipa mwenye genge alete maziwa na matunda kila wiki. Wakati mwingine hilo peke yake hufichua mengi, kwa sababu utaona ni nani anakasirika.

Sasa kwa nini mama anamlinda mtu anayemuumiza? Neno alilokuambia la kiganja, nimelisikia kwa akina mama wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndani yake kuna vitu vitatu vimefungwa pamoja. Kuna upendo, ambao si ujinga: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kuna aibu ya kuonekana alishindwa kulea. Na kuna hofu ya kawaida kabisa, ambayo watoto walio mbali hatuipi uzito: wewe utaondoka na treni, yeye atabaki nao usiku. Akisema leo, kesho nani atampikia uji? Ukimsukuma aseme, unamwomba ahatarishe kitanda anacholalia kwa ahadi ambayo bado hujaifanya.

Na kaka yako ni nani? Sijui, na wewe pia hujui bado. Kuna mlezi aliyechoka: hajalala usiku mzima kwa miezi, hana kazi, ndugu wanatuma pesa na maagizo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumpokea wiki moja akapumzika. Wengine wanaomwumiza mzazi ni watu wazima wanaomtegemea mzazi huyohuyo kwa chumba na chakula, na kinachowauma ni huko kutegemea. Halafu yupo anayesubiri nyumba tu. Mara nyingi mtu mmoja anakuwa na chembe za wote. Namna ninayoitumia kuwatofautisha ni kuleta msaada nione mlango unafanya nini. Mwambie kaka: nimepata dada wa kuja kufua na kumwogesha mama mara nne kwa wiki, nalipa mimi. Aliyechoka atalia au atacheka, lakini atafungua. Anayeficha kitu atakuwa na sababu: nyumba ndogo, mama hapendi wageni, tusubiri mwezi ujao. Si kipimo cha maabara, wapo wanaokataa kwa aibu tu. Ila hakijawahi kunidanganya sana.

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo, na huenda haufanani na uliotarajia. Kabla ya kumshitaki mtu au kumhamisha mama, fanya idadi ya macho yanayomwona mama kwa wiki iongezeke. Kwa sasa anaonwa na watu wazima wawili, na hao wawili ndio unaowashuku. Umetaja Pasaka, kwa hiyo nadhani ni Wakristo. Kama ni Wakatoliki, jumuiya ndogondogo husali nyumba kwa nyumba. Omba isalie kwenu. Padri huwaletea wagonjwa komunyo, mwombe amweke mama kwenye orodha. Wenzake wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), walimu wastaafu wenzake, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwombe kila mmoja kitu kidogo chenye siku yake: Jumanne unywe naye chai, Ijumaa umkague. Usiwape kesi yote wala usimseme kaka. Kumtembelea mgonjwa hakuna anayekuzuia bila kujieleza.

Wewe mwenyewe njoo bila kuaga. Kwa treni ya siku hizi unaondoka Dodoma asubuhi, mchana uko Tandika. Kaa naye peke yako, hata kama ni kwa kumpeleka msalani au kumsuka nywele. Usimuulize "kaka anakupiga?" Atasema hapana. Uliza mambo ya mkono na mdomo: jana jioni ulikula nini? Usiku ukibanwa unafanyaje? Maji yako yanakaa wapi? Nani anakukasirikia ukichafua shuka? Mzee mmoja wa Mbagala nilimuuliza chakula cha jana tu, akageuka kwanza akatazama mlangoni, halafu akanijibu "wali". Kule kugeuka ndiko kulikokuwa jibu. Muogeshe wewe kama atakubali, angalia juu ya makalio, kwenye nyonga na visigino. Ngozi iliyobadilika rangi na hairudi ukiibonyeza, au kidonda, maana yake hageuzwi anapolala, na hilo linahitaji kituo cha afya wiki hiyohiyo.

Siku hiyohiyo, au kesho yake, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Temeke au kituo chochote unachokiamini, upite dirisha la wazee. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na kile cha njano. Mwambie daktari maneno haya: alianza kuchanganyikiwa lini, anakunywa maji kiasi gani, amepungua kilo. Omba apimwe sukari, mkojo, figo na wingi wa damu. Muulize pia anywe maji kiasi gani kwa siku, kwa sababu mwenye moyo au figo dhaifu kiwango chake ni tofauti, usije ukammiminia jagi kwa uchungu. Hospitalini kuna afisa ustawi wa jamii. Mwombe aongee na mama peke yake, na aandike. Maandishi ya siku hiyo yatakusaidia mbele kuliko simulizi yako ya mwaka mzima.

Nikamchukue? Unaweza, kama mama anataka. Lakini pima. Mzee aliyechanganyikiwa ukimhamisha nyumba, wiki za mwanzo mara nyingi anachanganyikiwa zaidi, hajui choo kiko wapi, hana sauti za mtaa wake. Utamwacha na nani ukienda kazini? Kama ni dada wa kazi wa miaka kumi na minane asiyejua kupima sukari, hujamwondoa hatarini, umembadilishia hatari. Na akiondoka Tandika, nyumba inabaki mikononi mwa nani? Kwa upande mwingine, ukikuta anafungiwa, anapigwa au ana njaa, hayo yote hayana uzito, mchukue kwanza. Safari ya wiki mbili "kutibiwa Dodoma" ni njia nzuri ya katikati, kila mtu hubaki na heshima yake na mama anapata kulala na kusema. Watu huuliza pia kuhusu makazi ya wazee kama ya Nunge, Kigamboni. Yale ni kwa wazee wasio na mtu kabisa. Sera ya Taifa ya Wazee inaiweka familia kuwa mlezi wa kwanza na makazi kuwa kimbilio la mwisho, kwa hiyo mwenye watoto na nyumba hapati nafasi kirahisi, wala sidhani ndiko mama yako anakotaka kuwa.

Jambo moja kuhusu utashi wake. Akishatibiwa na akili ikatulia, akasema "nataka kubaki hapa na mwanangu", neno lake lina uzito kuliko lako. Kumwokoa mtu kwa kumnyang'anya maamuzi yake nako kunaumiza. Kazi yako itakuwa kufanya kubaki kwake kuwe salama: dada wa usafi, maji kando ya kitanda, kadi mkononi mwake, wageni wa kila wiki.

Kikao cha familia usikiitishe kwa simu na usikiitishe kabla ya hospitali. Ukija na majibu ya vipimo, mazungumzo yanaanza na ugonjwa, hayaanzi na lawama, na kaka ana mlango wa kutokea. Mwite mjomba au baba mdogo anayeheshimiwa na pande zote. Muulize kaka kwanza usiku wake unakuwaje. Kisha mgawane kazi kwa majina na siku. Akikataa kila kitu, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa afisa ustawi wa kata au manispaa. Atatembelea nyumba, ataongea na kila mmoja kivyake, ataandika taarifa. Nikuambie ukweli, sisi ni wachache na mafaili ni mengi, utahitaji kurudi mara mbili tatu. Kama kuna ofisi itakuambia "hayo kayamalizeni kifamilia", omba jina la aliyekujibu na tarehe, halafu panda ngazi inayofuata.

Polisi ni lini? Kama amepigwa, ametishwa kwa silaha, amefungwa kwa kamba au kanga kitandani, amefungiwa bila chakula, au kuna dalili ya kuingiliwa kimwili, usisubiri kikao chochote. Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Usibabaishwe na jina, wazee nao wanahudumiwa pale. Utapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitalini, lakini aliye mahututi mkimbize hospitali kwanza. Kwenye ubakaji usimwogeshe wala kumbadilisha nguo, na afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kinga ya VVU. Namba ya dharura ni 112. Na kama ukipiga simu leo ukaambiwa haamki vizuri, anatetemeka na kutoka jasho, hajakojoa tangu jana, au ghafla hajitambui, huo ni ugonjwa wa dharura. Tuma jirani ampeleke Temeke saa hiyohiyo, hata wewe ukiwa bado Dodoma. Shambulio ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na sheria haiulizi kama aliyepigwa ni mama wa aliyepiga.

Umesema unaogopa kuivunja familia. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii vingi, na nimeona kaka akipiga magoti mbele ya mama yake, nimeona pia kaka akiondoka na godoro. Sikuahidi upande wowote.

Kitu cha mwisho, na naomba usikisahau ukiwa na hasira: yule mtoto wa miaka saba. Yeye ndiye pekee ndani ya nyumba ile aliyesema. Usimtaje kwa baba yake, usimtaje kwa wifi, usiseme hata "watoto wananiambia". Ukifika, maji utayauliza kana kwamba umeyaona mwenyewe kwenye midomo ya mama iliyokauka, kwa sababu kweli uliyaona. Na ukipata nafasi jikoni, mnong'oneze kwamba alifanya vizuri kukuambia, na kwamba kumpelekea bibi maji si kazi yake, ni kazi ya watu wakubwa.